Lumbesa ndani ya simu

Nianze na swali la kichokozi. Hivi ni nani aliyejaza simu yako?

Usijibu haraka. Najua jibu ulilofundishwa: "Ni mimi mwenyewe. Picha nyingi, video za kuchekesha, magrupu ya WhatsApp." Hilo ndilo jibu ambalo simu inakupa kila asubuhi inapokuambia kuwa nafasi imekwisha, futa baadhi ya vitu vyako. Vitu VYAKO. Haijawahi kusema itafuta vyake. Na sisi, kwa kuwa ni watu wa adabu, tunaona haya, tunakaa chini tunaanza kufuta.

Mimi nasema tunasingiziwa. Nitaeleza, na wale wataalamu wa kompyuta mnaonisoma naomba mnivumilie, kwa sababu nitatumia lugha ya sokoni. Ndiyo lugha inayoufaa wizi huu.

Kila aliyekulia Tabora anaijua lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia lake, linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba mpaka linavaa kofia. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza mchezo huo, na Wakala wa Vipimo wamehubiri miaka nenda miaka rudi kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Na kila aliyewahi kununua karanga sokoni anaujua pia mchezo wa upande wa pili: kopo lililobonyezwa kitako. Juu linaonekana limejaa, ndani pamepungua viganja viwili.

Sasa basi. Simu yako imefanyiwa yote mawili. Uliponunua ulipimiwa kwa kopo lililobonyezwa. Ulipoanza kuitumia ukapigiwa lumbesa. Halafu mzigo ulipokushinda ukaambiwa wewe ndiye mwenye tamaa ya kuhifadhi.

Watu ninaowasemea

Naomba tusibishane tukiwa Mikocheni na simu za GB 256. Twendeni Ntalikwa.

Kwa wasiojua, Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora. Ukisikia manispaa usifikirie ghorofa. Manispaa yetu ina kata za watu wa jembe pia, wa mahindi na karanga. Simu janja zinafika huko, asikudanganye mtu. Zinafika vipi? Kijana yuko Dar, ananunua simu mpya Kariakoo, ile ya zamani inapanda basi kwenda kwa mama. Mama akiichoka inakwenda kwa mdogo wake. Bidhaa za Pwani zilikuwa zikipanda kuja Unyanyembe kwa njia ya misafara tangu karne ya 19, na leo simu zinapita njia ileile, ila zinafika zikiwa zimeshachoka. Simu ya GB 8 au 16, kioo kimepasuka, kona imefungwa mpira wa madaftari.

Na ndani ya simu hiyo kuna nini? Hapa ndipo watu wa mjini tunapokosea. Tunadhani kuna video za vichekesho tu. Kumbuka kwamba studio ndogo za picha zilizokuwa kila senta zimekufa nyingi. Ile picha ya ukutani, mmevaa suti za kuazima na nyuma kuna pazia la maua, haipigwi tena. Simu ndiyo albamu. Simu ndiyo daftari la madeni, picha ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, risiti ya pembejeo na sauti ya baba aliyefariki akisema "mwanangu ukifika unipigie."

Nilikaa huko na mama mmoja ambaye simu yake ilikuwa imekataa kupokea hata picha moja. Akanikabidhi kwa heshima zote: "Mwanangu, wewe umesoma, niangalizie nifute lipi." Nikaangalia. Picha zake zote, za miaka yote, hazikufika hata GB 1. Mfumo wa simu pamoja na programu zilizokuja nayo kutoka kiwandani, ambazo hajawahi kuzifungua na hazifutiki, vilikuwa vimekalia zaidi ya nusu ya simu. Na miongoni mwa picha alizokuwa tayari kuzifuta zilikuwamo za msiba wa mumewe.

Kiswahili hakikukosea kuiita kumbukumbu. Mtu anaambiwa achague kati ya kumbukumbu ya marehemu wake na sasisho la programu ambalo halijui wala hakuliomba. Na anachagua sasisho, kwa sababu asipolipokea WhatsApp inakataa kufunguka na mtoto wake wa Dar hampati tena. Huo ni uchaguzi gani?

Kopo lililobonyezwa

Kwanza tuweke maneno sawa, maana wauzaji wanafaidika na kuchanganyikiwa kwetu. Simu ina nafasi za aina mbili. Kuna hifadhi, ambayo ni kihenge chako: picha, programu na mafaili vinakaa humo hata ukizima simu. Na kuna RAM, ambayo ni jamvi unalotandaza uani ili upepete na kuchambua. Kazi ikiisha jamvi linakunjwa. Kihenge kikijaa huwezi kuingiza kitu kipya. Jamvi likiwa dogo, simu inagandaganda na programu zinajifunga zenyewe. Ni magonjwa mawili tofauti, ingawa muuzaji anayaita yote "memori".

Kwenye boksi imeandikwa GB 16. Unafika nyumbani, unawasha simu mpya kabisa haijapiga hata picha moja, unakuta zimebaki kama nusu, pengine pungufu. Zile za GB 8 ndiyo usiseme. Zilizobaki zimekaliwa na mfumo na na wapangaji ambao hukuwakaribisha: mtandao wa kijamii usiofutika, duka la michezo, kivinjari cha pili, programu ya hali ya hewa ya kampuni isiyojua hata Tabora iko wapi. Ukiuza mchele kwa utaratibu huo, kilo 16 kwenye mfuko na ndani kilo 8 na mawe, utalala polisi. Kwenye simu wanaita "vipimo vya kiufundi".

Kuna mtindo mpya zaidi wa kubonyeza kopo, na huu naukemea hasa. Siku hizi bango linasema RAM GB 8, halafu kwa maandishi madogo chini: 4+4. Maana yake ni kwamba jamvi halisi ni GB 4. Hizo nyingine wamekata kona ya kihenge chako wakaibatiza jina la jamvi. Hifadhi ni ya polepole sana ukiilinganisha na RAM ya kweli, na nafasi hiyo inatoka kwenye hifadhi uliyokwisha kuilipia. Umeuziwa shamba lako mwenyewe. Na sisi tunashangilia, tunasema simu hii kiboko!

Lumbesa yenyewe

Kopo tumelimaliza. Tuje kwenye kilemba cha juu.

Programu hazibaki na ukubwa uliozipokea nazo. Kila baada ya muda linakuja sasisho, na sasisho mara nyingi linaongeza uzito: vikatuni vya kubandika, video fupi, duka, sasa na roboti wa akili mnemba ambaye huwezi kumfukuza. Wewe ulitaka kutuma ujumbe tu. Na usiposasisha? Mlango unafungwa. WhatsApp iliziacha BlackBerry za zamani mwisho wa 2017, Nokia za S40 mwisho wa 2018, Windows Phone mwisho wa 2019, Android 2.3 Februari 2020, Android 4.0 Novemba 2021, na baadaye zikafuata Android 4 zote zilizobaki. Kwa tajiri hizi ni tarehe tu. Kwa Ntalikwa kila tarehe hapo ni simu nzima, inayowaka, inayopiga na kupokea, ambayo siku moja iligeuka nusu bubu.

Sikatai kwamba mfumo wa zamani una matundu ya usalama. Unayo. Lakini mbona matundu yakizibwa kwenye simu mpya zinaongezwa na mapambo kumi, na kwenye simu ya zamani hata tundu lenyewe halizibwi?

Wapagazi wa Kinyamwezi walilijua jambo hili kabla ya kompyuta kuzaliwa. Kwenye misafara ya Bagamoyo hadi Unyanyembe, mzigo wa mpagazi kwa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32. Mizigo ilipimwa na watu waligombana kweli kweli juu yake. Mzigo ukizidi, au ujira ukipungua, mpagazi aliutua, na mara nyingi asubuhi mwenye msafara alikuta hayupo. Hakujilaumu kwamba mabega yake ni ya kizamani. Sisi wajukuu zake tunaongezewa mzigo kila mwezi na tunaomba radhi!

"Si wanunue simu mpya?"

Najua mnalisubiri hili. Teknolojia lazima ikue, anayeachwa aachwe. Mmoja wa rafiki zangu, ofisa wa benki, aliniambia hivyo usoni akinywa kahawa.

Nina majibu mawili. La kwanza: kukua na kunenepa si kitu kimoja. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, Mswisi aliyebuni lugha ya kompyuta ya Pascal, aliandika makala akilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kuliko mashine zinavyozidi kuwa na nguvu. Miaka thelathini imepita, na bado malalamiko yake yanatufaa. Nguvu mpya ikiongezwa inaliwa na uvivu wa watengenezaji, kwa sababu gharama ya uvivu huo hailipwi nao. Inalipwa na mwenye simu: kwa bando, kwa betri, kwa muda, na mwisho kwa simu nyingine.

Jibu la pili: wepesi unawezekana, na ushahidi tunao mkononi. Piga *150*00#. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, menyu ya nyota inatuma pesa kutoka kwenye simu ya kitochi isiyo na hata nafasi ya wimbo mmoja. Kila ukurasa wa menyu hiyo hauzidi herufi 182. Herufi 182, ndugu msomaji! Sasa fungua programu ya benki yoyote uone inataka nafasi kiasi gani ili ikuoneshe salio lilelile.

Au chukua Baraza la Mitihani. Siku ya matokeo kurasa za NECTA ni jedwali tupu, herufi na namba, halina hata picha moja. Wajuzi wa mjini wanazicheka kwamba ni za kizamani. Mimi nazipigia saluti. Mtoto wa Ntalikwa anayaona matokeo yake kwa simu iliyopasuka na bando la mwisho.

Hata makampuni makubwa yanajua kupunguza yakitaka. Facebook Lite ilipozinduliwa mwaka 2015 ilikuwa chini ya MB 1. Google walitangaza Android Go mwaka 2017 kwa ajili ya simu za RAM ya GB 1 au pungufu. Lakini angalieni kilichofuata. Kufikia toleo la 2022, Android Go hiyohiyo, ya simu za wanyonge, ilikuwa inadai RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 16. Messenger Lite ikafungwa Septemba 2023. Chakula cha wagonjwa nacho kimewekewa mafuta.

Waganga wa kienyeji

Penye ugonjwa hapakosi mganga. Tafuta neno "kusafisha simu" dukani mwa programu uone utitiri: ufagio, roketi, "ongeza kasi mara kumi". Kwa kawaida programu hizi zinaongeza uzito, zinaleta matangazo, na zinaua programu ambazo simu inaziamsha upya dakika hiyohiyo, betri ikiteketea. Clean Master ya kampuni ya Cheetah Mobile ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja. Februari 2020 Google waliziondoa programu za kampuni hiyo dukani, wakati wa msako wao wa programu mia kadhaa zilizovuruga watu kwa matangazo. Bilioni moja walikunywa dawa hiyo.

Mganga wa pili ni memori kadi ya bei poa. Imeandikwa GB 64, ndani ni GB 8 iliyofundishwa kusema uongo. Inapokea kila kitu kwa tabasamu, ikifika mwisho wake wa kweli inaandika juu ya mafaili ya zamani au inayatupa. Unagundua siku unayoitafuta picha ya harusi.

Tukisubiri haki, tufanye haya

Sitaki kukuacha na hasira tupu. Haya hayahitaji fundi:

1. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti na video. Humo humo kuna sehemu ya kudhibiti hifadhi, inakuonesha mafaili makubwa na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Anza na hayo. Klipu ya mchungaji wa Lagos ifutwe kabla ya sauti ya baba yako.

2. Programu za kiwandani zisizofutika, zima. Kabla ya kuzima, ondoa masasisho yake. Zitarudi kwenye ukubwa wa kiwandani na utapata nafasi.

3. Futa kashe, usifute data. Kashe ni makapi. Data ni akaunti na mambo yako. Vitufe vinakaa jirani, na watu wamelia.

4. Huduma unayoitumia mara moja kwa mwezi usiiwekee programu. Tumia kivinjari, au menyu ya nyota kama ipo.

5. Acha kama sehemu moja ya kumi ya hifadhi ikiwa tupu. Hifadhi za simu zikijaa hadi ukingoni zinapungua kasi.

6. Ukinunua memori kadi, ijaze mpaka mwisho siku hiyohiyo, halafu fungua mafaili ya mwanzo na ya mwisho. Yakigoma, irudishe kabla muuzaji hajakusahau.

7. Picha kumi ambazo usingependa kuzipoteza, zikasafishwe studio, karatasi kabisa. Karatasi haiombi sasisho.

Lakini tusidanganyane. Hii ni kumfundisha mkulima namna ya kubeba lumbesa bila kuumia mgongo. Lumbesa yenyewe bado ipo.

Wanaotakiwa kusikia

TCRA ndio wanaoidhinisha simu zinazoingia nchini. Juni 16, 2016 walizima simu feki, na tuliona kuwa mamlaka yakitaka yanaweza. Basi waamuru boksi liandike nafasi INAYOBAKI kwa mtumiaji siku ya kwanza, kwa herufi kubwa kama zile za GB 16. Na hizo 4+4 ziandikwe 4. Tume ya Ushindani, FCC, kazi yenu ni kumlinda mlaji. Mlaji ndiye huyu.

Programu za kiwandani zifutike zote isipokuwa zile ambazo simu haiwezi kuishi bila hizo. Tusiambiwe haiwezekani. Tangu Machi 2024 sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya inayataka makampuni makubwa yamruhusu mtumiaji kuziondoa. Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung milioni 5 mwezi Oktoba 2018, kwa masasisho yaliyozipunguzia kasi simu za zamani. Wazungu wenyewe wamekataa, sisi tunaona haya ya nini?

Na mabenki, wizara, halmashauri, vyombo vya habari: acheni kutuma tangazo la maneno arobaini kama picha ya MB 6 ya karatasi iliyopigwa mhuri. Andikeni maneno! Kila huduma mpya inayozinduliwa kwa mbwembwe hotelini, ijaribiwe kwanza kwenye simu ya GB 16 iliyokwisha kutumika miaka mitano. Ikishindwa kufunguka, haijakamilika. Msikate utepe.

Sisi tuliosoma tuna dhambi moja kubwa. Tukiona kitu kimemshinda mtu wa kijijini, tunakimbilia kumpa elimu. Semina, kipeperushi, fulana. Huyu mama wa Ntalikwa hakukosa elimu. Alipimiwa vibaya akabebeshwa zaidi. Mwenye kopo lililobonyezwa hapelekwi semina, anapelekwa kwa Wakala wa Vipimo.

Kilo mia ni kilo mia. GB 16 ziwe GB 16.

Nawasilisha. Anayebisha aje, lakini aje na simu yake mkononi tuangalie nani amejaza nini.